Katuni bubu za Japani, wapiga ala wake, na taishokoto iliyotufikia Mombasa

MjukuuWaKuze

Salaam aleikum wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Marehemu babu yangu alikuwa mpiga taishokoto Mombasa. Kwa msioijua, ni sanduku jembamba la mbao lenye nyuzi za chuma, na juu yake vibonye vya duara kama vya taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza, wa kulia unapitisha risha. Sikilizeni rekodi za Zuhura Swaleh, mwimbaji wa taarab, mtaipata, sauti kali inayokata juu ya ngoma ya dumbak. Nyumbani sote tuliamini ni ala ya Kihindi, maana babu aliinunua duka la Mhindi na hakuwahi kusema vinginevyo.

Mwaka juzi nikiwa masomoni Osaka nikakutana na video ya mwanamke anayesimulia katuni ya zamani isiyo na sauti. Katuni inapita kwenye pazia, yeye yuko kando, anawasemea wahusika wote peke yake, na mikono iko juu ya ala. Niliitambua kwa sikio kabla ya jicho. Taishokoto! Nikairudisha video nyuma mara tatu. Mwanamke huyo ni Yamazaki Vanilla, na ndiyo kazi yake, kusimulia filamu bubu huku akijipigia taishokoto na piano. Katika kuulizauliza nikajua kwamba ala hii ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, mwaka uleule ilipoanza enzi ya Taisho, yaani utawala wa mfalme mpya wa Japani, ndiko lilikotoka jina. Ikafika India, na kutoka huko biashara ikaileta pwani yetu. Babu amefariki bila kuyajua haya.

Basi nikashikwa na swali moja: katuni hizo zilipotoka mara ya kwanza, nani alizipigia muziki, na alipiga vipi? Nimelifuatilia kwa miaka miwili sasa. Naweka hapa niliyoyapata.

MjukuuWaKuze

Tuanze 1917. Mwaka huo watu watatu walitoa katuni kwenye kumbi za Tokyo, kila mmoja na kampuni yake: Shimokawa Oten kwa Tenkatsu, Kitayama Seitaro kwa Nikkatsu, Kouchi Jun'ichi kwa Kobayashi Shokai. Shimokawa ndiye aliyetangulia, mwezi Januari. Kazi zao karibu zote zimepotea. Nyingine ziliisha kwa kuonyeshwa mpaka zikachakaa, na lilipokuja tetemeko la Septemba 1923, moto uliofuata ulimaliza sehemu kubwa ya Tokyo na filamu zilizokuwa humo.

Kongwe kuliko zote tunayoweza kuiona leo ni ya Kouchi, Namakura Gatana, yaani Upanga Butu, ya Juni 1917. Mtafiti Matsumoto Natsuki aliikuta kwenye soko la vitu vya kale Osaka mwaka 2007, miaka 90 baadaye. Kisa chake ni kifupi. Samurai ananunua upanga, anatamani kuujaribu kwa mpita njia asiye na hatia. Anamvizia kipofu mkandaji, anaambulia teke. Anamvizia mbeba barua, naye anamshinda.

Ukiitazama bila sauti yoyote inakwisha hujakaa sawa kwenye kiti. Mtu anaruka, anaanguka, basi. Lakini watazamaji wa 1917 hawakuwahi kuiona hivyo. Kando ya pazia alikuwepo benshi, msimulizi, ambaye aliigiza sauti za wote na kueleza yanayotokea. Chini, mbele ya pazia, walikaa wapiga ala, waliojulikana kama gakushi. Katuni ilikuwa kipande kidogo katika onyesho refu lenye filamu kadhaa, na wapiga ala walewale walioisindikiza sinema ya mapanga ya saa nzima ndio walioshuka kuisindikiza katuni ya dakika tano.

Kwa filamu za Kijapani ulizoeleka mtindo unaoitwa wayo gasso, mchanganyiko wa ala za Kijapani na za Kizungu. Shamiseni (ala ya nyuzi tatu yenye shingo ndefu), ngoma za taiko na kengele upande mmoja. Fidla, klarineti, tarumbeta na piano upande wa pili. Mwenye kupiga ala ataona ugumu mara moja. Shamiseni hukazwa nyuzi kufuata koo la mwimbaji wa siku hiyo. Piano haimfuati mtu. Lazima mmoja akubali, na anayekubali ni shamiseni.

Kitu kilichonikaa zaidi ni kwamba ngoma na shamiseni hizo zilitoka kwenye tamthilia za kabuki, zikaja na lugha yao nzima. Kwenye kabuki theluji ina sauti. Theluji ya kweli haisikiki ikianguka, lakini jukwaani ngoma kubwa hupigwa taratibu kwa kirungu kilichoviringishwa kitambaa, na kila aliyeketi anajua nje kunaanguka theluji. Mzimu nao una mrindimo wake, wanauita dorodoro. Kwa hiyo mchoraji wa katuni hakuhitaji kuchora kila kitu. Umbo jeusi la mtu juu ya karatasi nyeupe, ngoma ikilia dorodoro, na watoto tayari wamemshika mama yao mkono.

MzeeFidla

Mwanangu, shukrani kwa uzi. Mimi nimepiga fidla kwenye vikundi vya taarab Zanzibar na Dar zaidi ya miaka 30, na jambo hili linanigusa. Nina swali la kifundi. Je, walisoma noti au walipiga kwa sikio? Kwetu wapo wasomao noti, lakini mwimbaji akiamua kurudia ubeti, karatasi haina msaada, macho yote kwa kiongozi. Huko kiongozi alikuwa nani: mwenye kijiti, au huyo msimulizi?

MjukuuWaKuze

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lenyewe hasa.

Noti zilikuwepo. Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, kina jumba la makumbusho ya tamthilia, na humo umo mkusanyo wa noti za sinema uliopewa jina la Hirano, mwanamuziki aliyefanya kazi na Nikkatsu. Noti za aina hiyo hazikufungwa kwenye filamu moja. Ziliandikwa kwa hali: kukimbizana, majonzi, usiku, mapambano ya panga. Kiongozi wa muziki alichagua vipande akavipanga kufuata filamu ya wiki ile. Programu zilibadilika haraka, hapakuwa na muda wa kutunga kila siku.

Kumbi kubwa zilizoonyesha filamu za nje zilikuwa na okestra za Kizungu kamili. Hatano Fukutaro na wenzake walianza kwa kupiga muziki ndani ya meli ya abiria iliyokwenda San Francisco mwaka 1912. Huko walinunua noti wakarudi nazo, na baadaye wakawa maarufu kwenye sinema za Tokyo. Wakati wa mapumziko okestra ilipiga peke yake, pazia tupu, na wapo waliolipa kiingilio kwa ajili ya hapo tu. Wajapani wengi wa mjini walisikia okestra ya Kizungu kwa mara ya kwanza ndani ya sinema.

Ila kwenye uongozi, mzee, jibu ni lako mwenyewe. Karatasi ilisema anza hapa, lakini benshi akirefusha maneno, muziki ulimsubiri. Akishusha sauti, fidla nazo zinashuka. Benshi mkubwa alikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji, bango la ukumbi lilimtangaza yeye. Mwaka 1927 Japani nzima ilikuwa na benshi wapatao 6,800, na kati yao 180 walikuwa wanawake. Polisi wa Tokyo walikuwa wameanza kuwadai leseni tangu 1917, mwaka uleule wa katuni za kwanza.

Kapteni_Mbagala

Mkuu hii imenikumbusha Lufufu, yule msimulizi wa filamu kwa Kiswahili. Tumekua tukimsikiliza kwenye vibanda vya video, unaingia kuangalia filamu ya Wachina, lakini unayemfuata ni yeye. Wakenya nao wana DJ Afro. Kumbe Wajapani walifanya miaka mia iliyopita?

MjukuuWaKuze

Ndiyo mkuu, ukimsikia benshi utamtambua ndugu yake. Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Lufufu alisimulia juu ya filamu yenye sauti yake tayari, akawa anashindana na risasi na muziki wa watu wengine. Benshi alikuwa na wapiga ala walio hai wanaomsikiliza. Akinyamaza, nao wanaweza kunyamaza. Ule unyamavu wa ukumbi mzima kwa pamoja, kanda ya video haiwezi kuutoa.

Nuru_K

Kaka, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaendesha klabu ya sanaa. Naomba kujua mambo mawili. Katuni hizi zinapatikana wapi? Na mbona nilizowahi kuziona watu wanatembea mbiombio kama wamechelewa basi? Muziki gani utawafuata wale?

MjukuuWaKuze

Dada Nuru, hifadhi ya taifa ya filamu ya Japani ilifungua tovuti mwaka 2017, kuadhimisha miaka 100 ya katuni za nchi hiyo. Kuna filamu zaidi ya 60, bure, na Upanga Butu imo.

Kuhusu mbio: filamu bubu zilipigwa na kuonyeshwa kwa picha kama 16 hadi 18 kwa sekunde, na mara nyingi projekta ilizungushwa kwa mkono. Filamu za sauti zilipokuja kipimo kikawa 24. Filamu ya picha 16 ukiiendesha kwa 24, dakika sita zinakuwa nne. Hapo ndipo watu wanapokimbia. Zamani benshi aliweza hata kumwashiria mwendeshaji wa projekta apunguze kasi akiwa na jambo refu la kusema. Kwa hiyo, dada, ukitaka kusindikiza, rekebisha kwanza kasi ya video kwenye kompyuta yako. Mtu akitembea kama mtu, ngoma itajua pa kuanguka.

Silabi

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Muziki wa kumbi zile ulipotea palepale ulipopigwa. Anachopiga mtu leo juu ya katuni ya 1917 ni ubunifu wake mwenyewe, na mtazamaji anaondoka akidhani ndiyo filamu yenyewe. Mimi ningependa kuziona kimya, kama mtu anavyosoma hati ya zamani. Kilichobaki ni picha. Tuiheshimu picha.

MjukuuWaKuze

Ndugu Silabi, nimeikalia hoja yako siku mbili kabla ya kujibu kwa sababu ni nzito.

Nakubali kwamba anayepiga leo anabuni. Lakini ukimya nao ni ubunifu wetu. Hakuna mtoto wa Tokyo wa 1917 aliyeketi ukumbini akasikia kikohozi cha jirani yake tu. Tukiionyesha kimya tunaonyesha kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, kisha tunakiita halisi. Hati ya zamani iliandikwa isomwe. Filamu hizi zilitengenezwa zikiachwa wazi makusudi, mahali pa benshi na mahali pa ngoma.

Halafu zipo chache ambazo sauti yake tunayo. Ofuji Noburo alikuwa bingwa wa katuni za karatasi za chiyogami, zile za marembo ya rangi, alizikata akazisogeza kipande kwa kipande. Filamu yake ya 1926 ya wezi wa ngome ya Baghdad aliitengeneza hivyo. Mwaka 1929 akatengeneza Kuro Nyago, paka mweusi anayecheza ngoma, na hii ilitengenezwa iende na santuri ya wimbo wa watoto ulioimbwa na Hirai Hideko. Mchoraji alisikiliza kwanza, akachora baadaye. Miguu ya paka iko ndani ya mdundo. Santuri na projekta vilipaswa kuanza pamoja na kwenda pamoja. Filamu ikikatika, fundi akikata kipande aunganishe, kuanzia hapo paka na wimbo wameachana.

Miaka ya 1930 ziliuzwa pia katuni za karatasi za kuonyesha nyumbani, zimechapwa kwa rangi kwenye utepe wa karatasi, projekta inarudisha mwanga badala ya kuupitisha, na baadhi ziliuzwa na santuri zake. Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, kina mradi wa kuzipiga picha kabla hazijaoza, kikishirikiana na jumba dogo la makumbusho ya filamu za nyumbani lililoko Kyoto. Fikiria sebule ya familia, baba anazungusha mkono wa projekta na mtoto anaweka sindano kwenye santuri.

Kwa hiyo tunajua walivyopenda. Anayebuni leo habuni gizani.

Pale ninapokuunga mkono ni hapa: wengi wanaosindikiza leo wanapiga mno. Kila hatua dum, kila mruko ting, kila kuanguka ngaa. Nimekaa kwenye maonyesho ya namna hiyo, nikatoka kichwa kinauma na picha sikuiona. Katuni inayosogea tayari ina mdundo wake machoni. Ukiurudia wote kwa ngoma umeufunika.

Silabi

Hilo la ukimya kuwa ubunifu sikuwahi kulifikiria. Nitalifikiria. Swali moja: mnyororo ulikatika wapi? Au wapo waliofundishwa na wale wa zamani?

MjukuuWaKuze

Ulikaribia kukatika. Filamu ya kwanza ya Kijapani yenye sauti kamili ilitoka 1931. Katuni ya kwanza ya sauti, Chikara to Onna no Yo no Naka ya Masaoka Kenzo, ikatoka 1933, na yenyewe leo imepotea, picha na sauti pamoja. Wamiliki wa kumbi waliona spika haidai mshahara. Benshi na wapiga ala waligoma, wakashindwa. Mmoja wa viongozi wa mgomo alikuwa benshi, kaka yake Kurosawa Akira, yule ambaye baadaye alikuja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Kaka huyo, Heigo, alijiua mwaka 1933. Wapiga ala wengi walikwenda kwenye kumbi za dansi na kampuni za santuri. Hakuna anayeandika sana habari zao, na hilo linaniuma kila nikisoma. Benshi wana vitabu na picha. Mpiga ngoma wa chini ya pazia hana hata jina kwenye bango.

Aliyeushika uzi usikatike ni Matsuda Shunsui, benshi aliyezunguka baada ya vita akikusanya filamu bubu zilizobaki, na mwaka 1959 akaanzisha chama cha kuzitazama. Mwanafunzi wake Sawato Midori alipanda jukwaani 1973 na mpaka leo anaheshimiwa kuliko wote. Kwenye muziki yupo Yuasa Joichi, mpiga gitaa na shamiseni, na kundi lake la Colored Monotone. Wao hurudi kwenye noti za zamani na mtindo uleule wa wayo gasso, fidla na filimbi pamoja na ngoma na shamiseni. Sikiliza wanavyomwachia nafasi msimulizi. Wanaingia baada ya neno, hawaingii juu yake. Babu alikuwa anapiga taishokoto hivyohivyo kumwitikia mwimbaji, anasubiri kina kitue ndipo anajibu kwa vibonye vitatu vinne.

Nuru_K

Kaka, nimeonyesha klabu. Tulichagua ile ya mzee mwenye uvimbe shavuni. Tumetumia ngoma moja, kayamba na filimbi ya mwanafunzi. Msimulizi ni binti wa darasa la sita, nilimsimulia hadithi mara moja tu, yaliyobaki akajitungia. Walipomaliza wakataka kurudia, na kila waliporudia walipiga kidogo kuliko mwanzo. Sikuwaambia wafanye hivyo.

MzeeFidla

Nami nimeijaribu hiyohiyo ya uvimbe, baada ya kusoma ya mwalimu. Ni ya Murata Yasuji, 1929, ya karatasi zilizokatwa. Kwa wasioijua ngano yenyewe: mzee mwenye uvimbe shavuni anawakuta mazimwi ya mlimani yakisherehekea, anacheza nao, anacheza vizuri mpaka wanamwondolea uvimbe. Jirani yake mwenye uvimbe naye anakwenda kesho yake, anacheza vibaya, wanamwongezea ule wa mwenzake.

Nilimwita jirani yangu wa dumbak tukaweka simu mezani, kasi imepunguzwa kama alivyosema kijana. Mzee wa kwanza alipocheza hatukupata taabu, tuliokota wimbo mmoja wa harusi ukamkaa kama kanzu aliyoshonewa. Alipokuja wa pili nikaona nipige ovyo, fidla ikwaruze, dumbak ichelewe, ili watu wajue kwamba huyu hajui kucheza. Tukarekodi tukasikiliza. Haikufaa. Ilisikika sisi ndio tusiojua kupiga, na yule mzee akawa hana kosa lolote.

Mara ya pili tukampigia wimbo uleule wa mwenzake, safi, kwa kasi ileile, hatukumngoja wala hatukumfuata. Hapo tukamwona. Mguu wake ulikuwa unatua kila mara pembeni ya ngoma. Jirani yangu aliacha kupiga katikati akasema, "Maskini, anajitahidi." Nikaendelea peke yangu na fidla mpaka mazimwi yakamshika shavu.

Mwanangu, kama ile taishokoto ya babu bado ipo, usiiuze. Ilete Unguja ukija, nyuzi zake nitazitafuta mimi.